Mwanya ya Bénite

Ukifika asubuhi ku soko ya Bungulu, mu Beni, mbele ya kuona meza ya Bénite utasikia sauti yake: «Ssamaki! Ssamaki ya Kyavinyonge!» Ile s inapigaka muluzi kidogo, kama ndege yenye iko peke yake ku muti. Batu banafuata ile muluzi mupaka ku meza. Muluzi inatoka mu mwanya ya meno yake ya mbele, na ile mwanya, mimi njo niliipigania.

Mimi ni Mariette, dada mukubwa ya baba yake. Kwetu Banande dada ya baba anaitwa songali, na songali haiko tantine ya kuja kula na kuenda. Songali anafundisha musichana, anamusindikiza kwa bwana, na mambo ikiharibika, njo yeye banaulizaka. Donc ninaandika hii maisha ya Bénite juu batoto yake, na batoto ya kanisa yetu, banaona ile meno na banafikiri ni kazi ya Mungu tu. Mungu iko. Mais na mimi nilikuwa pale.

Bénite alizaliwa Kyavinyonge, ku maji, kwa ndugu yangu Ananie, mutu ya nyavu. Alipopoteza meno ya utoto na ile kubwa ikaota, iliota na nafasi katikati ya mbili ya mbele. Ile siku nilikuwa nimeshuka kubasalimia. Ananie akaniita kutoka mu lupango, mu ua ya nyumba yake:

«Yaya, dada yangu, kuja uone! Kinywa yako iko ku mutoto yangu!»

Nikamufungua kinywa sawa vile batu banafunguaka ya mbuzi mbele ya kununua. Ilikuwa ile ile. Mwanya ya mama yetu, mwanya yangu. Nikaanza kuimba pale pale, na bavuvi bakasimama kuuliza kama kuko arusi. Kwetu musichana anaweza kuwa mufupi, anaweza kuwa na pua ya kujaza uso, mais akiwa na mwanya, bijana banabadilisha njia ili bapite mbele ya lupango yenu. Mimi mwenyewe sura yangu haikuwa ya kushangaza mutu, ninasema kweli. Mais bwana yangu alinifuata toka Lubero mupaka Butembo, na alipofika, alisema jambo moja tu: «Cheka tena.»

Bénite alipokomaa akaingia mu kazi ya samaki. Alikuwa anapandisha tilapia ya chumvi na ya moshi ku pick-up, anaileta mupaka ku soko ya Butembo, na alikuwa analala kwangu. Hakukuwa mutu ya kubembeleza. Aliita tu «Ssamaki!» na alicheka. Mama mmoja akilalamika samaki ni kidogo, Bénite anamujibu: «Mama, hii ilikuwa inakungojea wewe. Ilikataa kukomaa mbele hujafika!» Mama anacheka, samaki inaingia mu kitunga. Niliuzaka mihogo pembeni yake, na ninawaambia, batu bengi balikuja kununua ile kicheko, samaki ilikuwa tu ya kufungia.

Njo pale Éliakim alimuona. Éliakim ni mutoto ya Bungulu, fundi ya magari. Alikuja Butembo kutengeneza pick-up ya samaki yenye ilikufa njiani, na kisha kuitengeneza akawa na sababu ya kuja kila juma. Kila mara anarudi Beni na samaki. Mama yake akachoka, akamuuliza: «Éliakim, unataka samaki, ao unataka muuzaji? Juu tumbo ya baba yako imechoka.»

Balikuja kwetu na mbuzi ya kwanza ya mahari. Balikuja na songali yao pia, Maliro. Sasa mujue huyu Maliro. Ni mwanamuke murefu, mukavu, na kinywa yake inakata kama makasi. Alikaa mbele ya Bénite, akamuangalia muda murefu, akamuambia, «Cheka, mutoto.» Bénite akacheka. Maliro akageukia bale bengine: «Hii mwanya tunaikubali.» Hakusema tunakubali musichana. Alisema mwanya. Mimi sikukasirika, juu na mimi ningefanya vile vile.

Kisha ikaja ile siku ya 2001.

Ile miaka, ku barabara kulikuwa basoda ya kila namna. Leo hawa, kesho bale, na nguo ilikuwa karibu moja. Sitasema balikuwa ya nani, juu sisi tulibaita tu basoda. Bénite alikuwa anapanda kutoka ku maji na mizigo yake, na fasi moja kulikuwa barrière, kamba tu na bijana mbili. Baliomba samaki, batu yote mu gari bakatoa, Bénite pia akatoa. Mais mujue, mutu ya mwanya, hata akinyamaza, mudomo yake haifungani muzuri. Anaonekana sawa anacheka. Musoda moja akamusimamia:

«Unacheka nani?»

«Sicheki, chef. Kinywa yangu njo iko vile.»

Akamupiga na muti ya bunduki. Meno mbili ya mbele ilianguka mu kitunga, mu chumvi ya samaki.

Alifika kwangu Butembo na kitambala ku mudomo. Mimi hapana mutu ya kulia mbele ya batoto. Nilimuosha na maji ya chumvi, nikamupikia supu, nikamulaza. Kisha nikaenda ku shamba ya mihogo, fasi mutu hawezi kuniona.

Kidonda ilipona. Kinywa haikupona. Alirudi ku soko, mais kitambala haikutoka ku mudomo. Siku moja alijaribu kuita, na ilitoka «Thamaki!» Bijana ya chukudu, bale banasukumaka mizigo ku ile magari ya miti, bakaanza kumuigiza: «Thamaki! Thamaki!» Habakukuwa bijana babaya, balikuwa bajinga tu, na niliwatupia muhogo moja moja mupaka bakakimbia. Mais Bénite hakuita tena. Aliuza na kidole: anaonyesha samaki, anaonyesha sahani. Baclients yake, batu ya kununua, banamuuliza, «Mama, leo umemeza sauti?» Banangoja kidogo, banaenda ku meza ingine. Ku chorale alikuwa anasimama nyuma, anafungua buku ya nyimbo, hafungui kinywa.

Kwa Éliakim alituma neno: arusi ingoje. Éliakim akakuja na kinga, baiskeli yake, vumbi mupaka ku nyusi.

«Bénite, mimi ninaoa wewe. Sioi meno.»

Akamujibu nyuma ya kitambala: «Wewe unasema vile. Utanizoea. Mais ndugu yako bataniangalia ku kila sikukuu. Siingii kwa batu na kinywa ya hivi.»

«Ndugu yangu bananyamaza.»

«Na Maliro?»

Éliakim akaangalia kinga yake. Juu Maliro hakukuwa amenyamaza. Neno yake ilikuwa imepanda toka Beni mupaka Butembo mbele ya Éliakim. Alisema ku kisima, mbele ya banamuke: «Tulichagua mwanya. Sasa banatuletea mulango ya lupango.»

Mulango ya lupango! Nilimuambia Éliakim: «Ukirudi, musalimie songali yako. Umuambie Mariette anasema mulango ni muzuri kuliko kinywa ya Maliro, juu mulango inafungwaka.»

Jibu ya Maliro ilikuja na gari ya kesho yake: kama Pasaka itafika na bibi arusi hajafika, batatafuta fasi ingine. Bénite alisikia ile neno, akakunja kitambala yake muzuri, akairudisha ku mudomo. Nikamuambia: «Pasaka itakukuta na meno.» Sikujua bado meno inatoka wapi. Mais nilikuwa nimesema, na mimi nikisema, nimesema.

Tukaanza kuuliza. Kila mutu alikuwa na akili ya kutupa. Jirani mmoja alileta makaa ya kusaga na chumvi, asugue meno yenye ilibaki ing'are, batu baangalie ile nyeupe na habataona shimo. Nilimurudishia makaa yake, nikapikia nayo.

Tukashuka Beni kwa Hadidja. Hadidja anauzaka bikwembe, bitenge ya banamuke, bwana yake iko na lori, na yeye iko na jino moja ya zahabu yenye batu banaijua mupaka Mutwanga. Alitupokea na chai na mandazi, akafungua kinywa tuone.

«Dada yangu, muweke zahabu. Moja huku, moja huku. Mimi na hii moja tu, hata nikinyamaza, inaongea.»

Ilikuwa muzuri, siwezi kukataa. Ilikuwa inawaka sawa jua mu sufuria. Mais nikamuuliza: «Na ukifika ku barrière, Hadidja, unafanyaka je?»

«Ku barrière? Ninafunga kinywa, ninafunika na mutandio, sisemi mupaka tupite kilima.»

«Aksanti kwa chai,» nikasema. «Sisi tunatafuta kinywa ya kufungua.»

Hadidja akacheka sana, akamupatia Bénite kikwembe ya arusi, akasema ile haitamulazimisha kuficha kitu. Ni rafiki yangu mupaka leo.

Kisha tukaenda kwa munganga ya meno, mutu ya heshima, na miwani. Alimuangalia Bénite na taa, akasema: «Tunaweza kuweka daraja.»

«Daraja mu kinywa?» Bénite akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza ile juma aliuliza kitu.

Munganga akaeleza muzuri, bila haraka. Banachukua meno ya huku na ya huku, zile zenye ziko nzima, banazikata pembeni mupaka zinakuwa sawa miti kidogo ya nguzo. Kisha banaweka meno ya kutengenezwa juu yake, ikae pale siku zote, haitoki. Alisema pia kuko ingine ya kufunga na vis, musumari ya kuzungusha, mu mufupa, mais ile ni ya Kampala, na njia unaijua.

Nikamuambia: «Munganga, huyu basoda bamemutoa mbili. Wewe unataka kukata zingine mbili juu ya kuzika zile?»

Akacheka, akavua miwani. «Mama, kama wewe hautaki nikate, mimi sikati. Muende kwa Zorobabel, nyuma ya soko ya Butembo. Atamutengenezea dentier, meno ya kuvaa. Inatoka na inarudi, na haiumizi jino ya mutu.»

Zorobabel. Nilikuwa nimepita mbele ya nyumba yake miaka yote na nilikuwa ninafikiri ni fundi ya redio. Ni mutu mufupi, masikio makubwa, na ku dirisha yake kulikuwa meno ya plâtre, ile unga nyeupe yenye inagandaka, imepangwa, juu, chini, sawa batu banabishana bila vichwa. Kuku ilikuwa inaingia na kutoka. Alimukalisha Bénite ku kiti, akamutoa kitambala yeye mwenyewe, polepole, akasema tu, «Hapa tunaweza.» Nilimupenda kwa ile.

Alichanganya unga na maji, akaiweka mu kijiko ya chuma yenye umbo ya kinywa, akamuambia aume na angoje. Kisha akaleta ufito yenye meno ya kila rangi, kama mahindi ya shamba mbili. Bénite akaonyesha nyeupe kupita zote.

«Ile ni ya baimbaji ya Kinshasa,» Zorobabel akasema. «Ukiiweka pembeni ya yako, yako itaonekana sawa haijanawa tangu kuzaliwa.» Akachukua ingine, rangi ya maziwa yenye imeonja chai, akaishika karibu ya meno yake. Haikuonekana tena. «Hii njo wewe.»

Nikasema mu roho: huyu ni fundi.

Tuliporudi kuchukua kazi, alikuwa amevaa shati safi. Akatoa dentier mu maji: kipande kidogo ya rangi ya ulimi, meno mbili, na nyaya mbili kidogo ya kushika meno ya nyuma. Akamuingizia. Akamupatia kioo.

Ilikuwa muzuri. Nitasema kweli, ilikuwa muzuri sana. Meno ilikuwa imesimama bega kwa bega kama basoda ya Sikukuu ya Uhuru.

«Na ile mwanya,» Zorobabel akasema na furaha, «wewe mwenyewe uliniambia ulikuwa nayo. Nimekufungia. Cadeau, ya bure.»

Kuku ikatoka.

«Umefunga nini?» nikamuuliza.

«Mwanya, mama. Nilichukua meno ya upana zaidi ili zikutane. Ku masomo bazungu balitufundisha: mwanya ni kosa, na fundi muzuri anaifunga. Kwao batu banateswaka na nyaya miaka mingi juu ya kuifunga!»

«Kosa!» Nikasimama. «Zorobabel, wewe ni mutoto ya nani? Wewe haiko Munande?»

«Mimi ni Munande, mama. Mais buku haikukuwa ya Kinande.»

Nikamugeukia Bénite. «Sema samaki.»

«Samaki,» akasema.

Alisema muzuri sana, kama mutu ya redio. Ile s ilikuwa safi. Njo mambo yenyewe: ilikuwa safi. Hakukuwa ndege ku muti.

Bénite akaangalia tena kioo. Alisikia, hata yeye. Akaniambia chini chini: «Songali, tuache tu. Ni muzuri. Ni meno muzuri ya mutu mwingine. Nitaizoea.»

Nilijua hii sauti. Ni sauti ya mutu anakunja kitambala. Maliro alisema mwanya, hakusema meno. Mais sasa sikukuwa tena ninafikiri Maliro. Nilikuwa ninafikiri ile musoda. Alitaka huyu mutoto asicheke tena na kicheko yake mwenyewe, na sasa sisi tulikuwa tunamumalizia kazi, na tunasema aksanti.

Nikakaa chini ku kiti ya fundi. «Sitoki hapa.»

«Mama, baclients bananingoja.»

«Bangoje na mimi.»

Zorobabel akafuta paji ya uso. «Sikiliza, mama. Mimi sikatai kutengeneza ingine. Mais nitajua je ukubwa ya mwanya yenye sikuona? Nikikosea kidogo, chakula itaingia, ao itaonekana sawa jino imetoroka. Nipime ku nini? Alama iko wapi?»

Bénite akaonyesha na kidole: hivi. Kisha akaongeza: ao hivi. Ananie tungemuuliza, angesema na mikono yake ya mutu ya nyavu, na ingekuwa ya kupitisha samaki.

Sasa mujue, mimi sijafunguliaka munganga yeyote kinywa. Jino yangu ya nyuma iliuma mwaka muzima, niliitoa mwenyewe na uzi. Mbele ya batu ninachekaka, mais mutu kuingiza mikono mu kinywa yangu, hapana. Nikamuangalia Bénite. Alikuwa tayari na kitambala mu mukono.

Nikaegemea ile kiti. Nikafungua.

«Pima humu,» nikasema. «Ni ile ile. Imetoka kwa mama moja.»

Zorobabel akachungulia. Akachungulia tena. «Wasingya, mama,» akanishukuru mu Kinande, ile mara ya kwanza aliongea luga yetu mu ile nyumba. Kisha akanijaza ile unga ya plâtre. Iko na ladha ya ukuta ya chokaa. Inakuwa moto ku ulimi, inashuka ku koo, na mutu anakuambia usimeze.

«Usiume mukono yangu, mama.»

«Mmmh.»

«Mama, unauma mukono yangu.»

Nilimuuma, ndiyo. Kidogo. Bénite alikuwa amesimama pale, nikaona mabega yake inatetemeka chini ya kikwembe, mais hakutoa sauti.

Zorobabel alipoleta ile alama yangu ku meza, mwanya yangu ilikuwa pale, ya plâtre, nyeupe, imesimama muzuri. Nikaipenda sana. Nikamuambia: «Kwake ongeza kidogo.»

«Siongezi. Hii ni mwanya, mama, haiko barrière.»

Nikamuachia. Kazi ilikuwa yake.

Alichukua meno nyembamba kuliko ya kwanza, akaacha nafasi yangu katikati. Ya pili hakutaka kulipwa, alisema cadeau yake ya kwanza ilikuwa mubaya. Akamuingizia Bénite. Sikungoja kioo.

«Sema samaki.»

«Ssamaki.»

Kuku ku mulango ikainua kichwa. Zorobabel akapiga mikono. Kisha ile, ninawaambia, banamuke benye hata habakuzaliwa na mwanya balianza kwenda kumuomba awatengenezee «ile ya Mariette», na alikuwa anabafukuza, anasema hakatake jino nzima juu ya wivu.

Mais Bénite, ile saa ile, mukono yake ilipanda ikafunika kinywa. Hakujua hata imepanda. Meno ilikuwa imerudi. Kicheko haikukuwa imerudi. Aliita samaki yake tena, muluzi ikasikilika mupaka mwisho ya soko, baclients bakarudi. Mais bakisema jambo ya kuchekesha, mukono ilipanda. Nilimupiga ile mukono, nilimukaripia, na mukono ilipanda tu.

Arusi ikafika, mbele ya Pasaka, sawa nilivyosema. Asubuhi, ninamufunga kitambala, nikamukumbusha desturi: bibi arusi haonyeshi meno. Anainamisha kichwa, anafunga mudomo, akiweza analia.

Akaniangalia. «Songali. Umenitafutia meno mupaka umelishwa plâtre. Na leo unaniambia niyafiche?»

«Leo, ndiyo. Kesho na siku zote, hapana. Leo unaachana na mama yako. Ukicheka, batasema kwetu ulikuwa na njaa.»

«Basi haitakuwa kazi, kinywa yangu imezoea kufungwa,» akasema. Ile neno iliniuma.

Tukapanda pick-up ya Éliakim, yeye mbele na dereva, sisi nyuma na banamuke ya kanisa. Mbele ya kufika Beni, kamba ku barabara. Musoda moja akakuja pembeni. Mukono ya Bénite ilinishika, baridi kama samaki. Musoda akamuangalia chini ya shela.

«Bibi arusi hachekake?»

«Kwetu bibi arusi hachekake,» nikamujibu. «Ungekuwa na songali, angekufundisha.»

Musoda akaniangalia mimi. «Na wewe, mukaka, mama muzee? Unacheka nani?»

Ile neno, ile ile. Nilisikia Bénite pembeni yangu amekuwa jiwe. Nikamuonyesha huyu kijana meno yangu yote yenye ilibaki, na mwanya katikati.

«Ninacheka juu ninaoza mutoto. Siku ya arusi ya mama yako, hakuna mutu alicheka?»

Akasimama. Alikuwa mudogo, huyu mutoto, ndevu haikukuwa imeota. Akaangalia chini, akaangusha kamba. Tukapita. Bénite aliniangalia mupaka Bungulu.

Kanisani alikubali bwana yake na sauti ndogo, mudomo karibu imefungwa, sawa inavyofaa. Nyuma yangu nikasikia Maliro anaambia mutu, na hakusema chini: «Banafunga kinywa juu ndani hamuna kitu.»

Kisha ibada kuko desturi ya nyumbani. Songali ya bwana anatangulia, anafunga mulango ya lupango, anasimama ndani. Bibi arusi na batu yake banasimama inje na kuita. Anabauliza, anabasumbua kidogo, kisha anabafungulia. Ile mulango, baba ya Éliakim alikuwa ameitengeneza mupya kwa ile arusi, mbao nzito, rangi ya kijani. Na juma muzima mvua ilikuwa imenyesha.

«Nani huko?» Maliro akaita.

«Ni sisi. Tumeleta mutu yenu.»

«Iko na nini?»

«Iko na kila kitu yenye mulichagua!»

«Tutaona. Ngojeni nifungue.»

Tukasikia anavuta. Mulango haikutoka. Akavuta tena, tukasikia anapumua.

«Maliro?» nikaita.

«Ninafungua!»

Mbao ilikuwa imevimba na mvua, imeshika sawa imepigwa misumari. Banaume ya inje bakaweka mabega. «Mama, tusukume?» «Musisukume, inavutwa!» «Basi vuta!» «Ninavuta! Musukume!» Kitambala ya kichwa ya Maliro ikaruka juu ya ukuta, ikaanguka mbele ya miguu yetu. Kisha sauti yake, mukali, yenye Beni muzima ilisikia:

«Mulango imekataa! Hii mulango ni ya nani? Nani alituletea hii mulango ya lupango?»

Mabega ya Bénite ikaanza kutetemeka chini ya shela. Nikasema mu roho, analia, muzuri, analia sawa inavyofaa. Kisha nikasikia muluzi. Kidogo, kama ndege. Kazi ya songali pale ni kumufinya mukono anyamaze, na vidole yangu ilikuwa tayari ku kiwiko yake. Mukono yake ingine ilikuwa inapanda kwenda ku mudomo. Nikaishika ile. Nikaiteremusha, nikaikalisha chini, sikuifinya.

Akacheka. Alicheka na kichwa nyuma, shela ikaanguka ku mabega, alicheka mupaka Éliakim akaegemea gari akalia yeye, bwana, mbele ya batu. Na mimi nikacheka, nani angenizuia?

Njo pale mulango ikaachia. Ilifunguka mara moja, na Maliro akakuwa pale, kichwa wazi, kipande ya mbao mu mukono, anatuangalia: mimi na mutoto yangu, bega kwa bega, vinywa wazi. Akaangalia kinywa yake. Akaangalia yangu. Akarudia.

«Kumbe mumeleta mwanya mbili,» akasema.

«Moja njo yenu,» nikamuambia, nikamupatia kitambala yake. «Ingine inarudi Butembo.»